Mbwa wa Damu Mbili

Ukurasa wa wasomaji: daktari wa mifugo anajibu kutoka Goma

Tangu toleo lililopita, tulipoandika kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, barua nyingi zilizotufikia zimezungumzia jambo moja, nalo ni mbwa chotara. Wako wanaowatafuta, wako wanaowadharau, na wako waliowapata nyumbani bila kuwaomba. Nimechagua barua tano, na majina ya walioziandika tumeyaacha.

Barua ya kwanza: mama wa Himbi, Goma

Daktari, pokea salamu zangu. Kuna mtu hapa kwetu anauza watoto wa mbwa ambao mama yao ni Berger Allemand, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani, na baba yao ni mbwa wa kienyeji. Anatuhakikishia kwamba chotara hawaugui kama wale wa damu safi, na bei yake ni kama nusu ya bei ya Berger kamili. Mimi nimempenda mmoja wao. Mume wangu anasema huko ni kununua mbwa koko kwa pesa za mbwa wa kizungu. Kati yetu nani anasema kweli?

Jibu

Mama, muuzaji amekuambia nusu ya ukweli, na mzee wa nyumba naye ameongozwa na neno ambalo limewaponza watu wengi. Nianze na muuzaji.

Wafugaji wa Masisi wanalijua jambo hili kwa ng'ombe: ukimpandisha Ankole kwa fahali wa Frisone, ndama wa kwanza mara nyingi huchukua maziwa kutoka upande mmoja na ustahimilivu kutoka upande wa pili. Kwa mbwa kanuni ni ileile. Kila mnyama hurithi vinasaba viwili viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na magonjwa mengi ya kurithi hayajitokezi mpaka vyote viwili viwe na kasoro ileile. Katika ukoo uliofungwa, ambamo ndugu hupandishwa kwa ndugu kizazi baada ya kizazi ili sura isibadilike, kasoro hizo hukutana kwa urahisi. Ukiunganisha koo mbili zilizoishi mbalimbali, hukutana kwa nadra. Na koo hizo hazikufungwa zamani sana kama tunavyodhani. Huyo Berger Allemand mwenyewe alianza kuandikwa kitabuni mwaka 1899, pale Mjerumani Max von Stephanitz alipomnunua dume mmoja, akampa jina la Horand von Grafrath, akamsajili kuwa wa kwanza. Kabla ya siku hiyo, mababu zake walikuwa mbwa wa wachungaji wa kondoo kutoka sehemu mbalimbali za Ujerumani, waliochanganywa kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo anayejivunia damu safi anajivunia mchanganyiko uliofungiwa mlango miaka mia moja na ishirini na kitu iliyopita.

Hata hivyo, kusema kwamba chotara hawaugui ni maneno ya sokoni. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 waliotibiwa katika hospitali yao, wakiangalia magonjwa 24 yanayodhaniwa kuwa ya kurithi. Magonjwa 10 yaliwapata zaidi mbwa wa damu safi, ugonjwa mmoja, ule wa kukatika mshipa wa goti, uliwapata zaidi wa mchanganyiko, na 13 yaliyobaki hayakuonyesha tofauti yoyote. Miongoni mwa hayo 13 kuna ulegevu wa nyonga, ambao ndio unaowasumbua sana Berger Allemand. Mwaka 2024, watafiti wa chuo cha udaktari wa wanyama cha London nao walilinganisha chotara watatu wanaopendwa sana Uingereza na koo za wazazi wao, na katika asilimia 86.6 ya milinganisho yao hawakuona tofauti ya kiafya. Mtoto wa damu mbili anaweza kurithi mema ya pande zote mbili, lakini hakuna aliyeziba njia ya mabaya.

Kuna jambo moja ambalo mimi, kwa kazi yangu hapa mjini, ninalipa uzito mkubwa kuliko takwimu za ng'ambo. Mwezi uliopita nililetewa Berger wa miaka mitatu kutoka nyumba yenye ukuta mrefu wa mawe ya volkano, nyumba iliyofagiwa ikafagika. Nilipomfungua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, na ukingoni mwa ulimi kulikuwa na vidoa vyekundu vya damu iliyovuja ndani kwa ndani. Katika mikunjo ya sikio la kushoto nilitoa kupe kumi na mmoja, wengine wadogo kama punje ya mtama, wengine wamevimba kama maharagwe. Alikuwa na Erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe wa mbwa, na inajulikana kwamba Berger Allemand huupata kwa ukali kuliko mbwa wengine wengi. Uani kwa jirani, ng'ambo ya ukuta huohuo, alikuwapo mbwa wa kienyeji anayeumwa na kupe walewale, naye alikuwa akila bugali yake bila shida. Sisemi kwamba mbwa wa kienyeji hafi kwa Erlikia, kwa maana nimewazika na wao pia. Ninasema kwamba mtoto uliyempenda ana baba ambaye ukoo wake umeishi na kupe hawa tangu zamani, na hicho ni kitu cha thamani ambacho muuzaji wako, pamoja na maneno yake mengi, hakukitaja.

Sasa nije kwa mzee wa nyumba. Koko ni jina la maisha, wala si jina la ukoo: ni mbwa asiye na mwenyewe, anayekula jalalani. Mbwa wa kienyeji ni mwingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba wengi wao wana ukoo wa Kiafrika unaojitegemea, wala si uzao wa mbwa wa Wazungu waliopotea njia. Kwa hiyo, katika huyo mtoto uliyempenda, hakuna nusu nzuri na nusu ya takataka. Kuna koo mbili, na ule wa baba ndio wa kale zaidi.

Je, umnunue? Usitoe hata faranga moja kabla hujamwona mama yake uani kwake. Mwombe mwenyewe amtembeze mbele yako, na umtazame kwa nyuma: akiyumba kiuno, au akiruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura anapokimbia, ondoka. Kisha mshike mtoto. Fizi ziwe na rangi ya waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi upesi. Tumbo lisiwe gumu na la duara kama mpira, maana hiyo ni minyoo. Chini ya mkia pawe pakavu. Uliza tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu mtoto asiachishwe mama kabla ya wiki nane. Uliza pia kadi ya chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu uliojitokeza duniani mwaka 1978 na ambao bado unamaliza uzao mzima kwa siku chache. Chanjo hiyo huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita. Ukivikuta hivyo vyote, bei ya nusu ni halali. Ukivikosa, hata bure ni ghali.

Barua ya pili: baba wa Ndosho, Goma

Daktari, mbwa wangu jike ni Berger. Nilimpeleka kwa dume mzuri, lakini siku mbili baadaye alitoroka usiku, akarudi asubuhi. Amezaa watoto saba: wanne wanafanana na dume niliyemchagua, watatu wana rangi ya udongo na mikia iliyojikunja kama mbwa wa jirani. Mtu anayejua mambo ya mbwa ameniambia kwamba damu ya jike huyu imeharibika, hatazaa tena watoto safi, na nimwuze mapema. Ni kweli?

Jibu

Hapana, Baba, na tafadhali usimwuze. Ninalijibu swali hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimewaona majike wazuri wakifukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo halipo.

Lililotokea kwako ni la kawaida. Mbwa jike anapokuwa kwenye joto hatoi yai moja tu, hutoa mengi, nayo hubaki tayari kwa siku kadhaa. Mbegu za dume nazo huweza kuishi tumboni mwake kwa siku kadhaa. Kwa hiyo uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, hata watatu, kila mtoto akiwa na baba yake. Wale wanne hawajachanganyika hata chembe kwa sababu ya kulala tumbo moja na wale watatu. Wala mkia uliojikunja, peke yake, hautoshi kumtia hatiani mbwa wa jirani: watoto wa baba mmoja nao hutofautiana, na uthibitisho hutoka kwenye kipimo cha vinasaba tu. Lakini kwa usiku ule aliotoroka, nadhani jirani hawezi kukana sana.

Hiyo imani kwamba dume wa kwanza huacha alama yake tumboni ni ya kale, na hata wasomi wa Ulaya waliishikilia mpaka karne ya 19. Mtu aliyeipima kwa subira alikuwa James Cossar Ewart, profesa wa Edinburgh, ambaye katika miaka ya 1890 aliwapandisha farasi majike kwa pundamilia dume, kisha akawapandisha tena kwa farasi wa kawaida, akichunguza kama watoto wa mara ya pili wangezaliwa na kitu cha pundamilia. Hakuona ushahidi wa jambo hilo. Ikiwa pundamilia hakuacha alama, mbwa wa jirani ataiachia wapi? Ukimlinda vizuri katika joto lijalo, atazaa watoto wa dume utakayemtaka wewe.

Hao watatu uwatunze sawa na ndugu zao. Ninajua desturi ya kuwatia kwenye mfuko na kuwaacha pembeni mwa soko, na ninakuomba usiifuate: hao ndio baadaye wanaokuwa mbwa wasio na mwenyewe, wasio na chanjo, wanaowauma watoto wetu njiani. Wape maziwa ya mama yao mpaka wiki nane, wapigie dawa ya minyoo, kisha watafutie nyumba, na umweleze kila anayemchukua habari kamili ya wazazi wote wawili. Chotara mwenye historia inayojulikana huniletea kazi nyepesi kuliko Berger mwenye hati iliyoandikwa kwa kubahatisha. Na kama hutaki kuzalisha tena, jike afungwe kizazi; ukuta peke yake, kama ulivyojionea, hautoshi.

Barua ya tatu: mama wa Muhumba, Bukavu

Mwanangu wa miaka tisa ana pumu, na daktari wake amesema ana mzio wa mbwa. Analia kila siku akitaka mbwa. Shemeji yangu aliyeko Brussels anasema kuna chotara anayeitwa Labradoodle, ambaye hamwagi manyoya na hana mzio kabisa, naye yuko tayari kututumia. Tumkubali?

Jibu

Mama, kabla ya tiketi ya ndege ya mbwa huyo kukatwa, msimulie shemeji yako alivyozaliwa Labradoodle, kwa sababu jibu lako limo humo.

Nchini Australia, katika chama cha Victoria kinachofundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu, alikuwako mfugaji aitwaye Wally Conron. Aliombwa mbwa na mwanamke asiyeona wa Hawaii, ambaye mume wake alikuwa na mzio wa manyoya ya mbwa. Alijaribu kwanza kwa Poodle, yule ambaye sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunamwita Caniche, lakini hakupata aliyefaa kwa kazi. Ndipo, mwaka 1989, akampandisha Labrador kwa Poodle, wakazaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yakatumwa kwa yule mume yajaribiwe. Kati ya hao watatu, waliozaliwa tumbo moja, ni mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ambaye hakumletea shida.

Tazama hesabu hiyo: mmoja kati ya watatu, tena kwa mtu mmoja. Kinacholeta mzio si unywele wenyewe, bali ni protini zilizomo katika mate ya mbwa, magamba madogo ya ngozi yake na mkojo wake, na kila mbwa anazo, hata asiyemwaga manyoya. Watafiti wa Uholanzi walipopima nyumba na mbwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuta protini kuu ya mzio kwa wingi zaidi, wala si kwa uchache, katika manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa hawana mzio, na hewa ya nyumba zao haikutofautiana na ya nyumba nyingine. Conron mwenyewe, akiwa mzee, alisema mwaka 2019 kwamba kumzalisha Labradoodle ni jambo analolijutia maishani, kwa jinsi watu walivyoanza kuchanganya mbwa ovyo kwa ajili ya fedha. Mimi sidhani alifanya kosa. Alikuwa na mwanamke mmoja wa kusaidiwa na alimsaidia. Kosa lilianza pale jina lilipouzwa kana kwamba ni dawa.

Kwa hiyo usimpokee mbwa ambaye mtoto hajawahi kukaa naye. Ukipata kibali cha daktari wa mtoto, mpeleke kwanza kwa jamaa mwenye mbwa, akae kidogo, siku nyingine akae zaidi, na dawa yake ya pumu iwe mkononi. Akistahimili mbwa fulani, amestahimili huyo huyo, si kabila lake lote. Na kama pumu yake ni ya kumlaza hospitalini, ninakusihi kwa upole umnyime. Machozi ya mtoto hukauka.

Barua ya nne: kijana wa Katoyi, Goma

Nataka mbwa mkali wa kulinda. Nimchanganye Rottweiler na wa kienyeji, au na Malinois?

Jibu

Ndugu yangu, ukali hauchanganywi kama saruji na mchanga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliowahoji wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kilichobaki hutoka kwingineko, na sehemu yake iko mikononi mwako, hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne, anapojifunza nani ni mtu wa nyumbani na nini ni cha kawaida. Mbwa anayefungwa mnyororo tangu mdogo ili awe mkali huwa mwoga, na mwoga humwuma mtoto wa nyumbani kabla ya mwizi. Mbwa wa ukubwa wa kati anayekuamini na anayebweka kwa wakati anatosha. Achanjwe kichaa akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Akimwuma mtu yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

Barua ya tano: mzee wa Sake

Mimi ni mzee, na nina jike wa kienyeji, mdogo wa mwili, masikio yamesimama, mwepesi wa kuwinda panya na sungura, mwenye umri wa miaka mitatu. Watoto wangu wanataka nimpandishe kwa dume mkubwa wa kizungu ili tupate chotara wa kuuza. Lakini nimesikia kwamba Wazungu nao wanafuga mbwa wa Kongo na kuwalipia fedha nyingi. Ni kweli? Unanishauri nini?

Jibu

Ni kweli, Mzee wangu. Mbwa huyo huitwa Basenji, yaani washenzi, neno ambalo kila Mkongo analijua kwa maana ya dharau, na ambalo huko nje limekuwa jina la heshima. Waingereza walianza kuwapeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19. Wale wa mwaka 1895 walikufa upesi kwa homa ya mbwa, na ni katika miaka ya 1930 ndipo ukoo ulipoweza kusimama huko. Habweki kama wengine, hutoa sauti kama ya kuimba, ndiyo maana wawindaji wa msituni humvisha njuga ya mti wasimpoteze. Jike wake huingia joto mara moja kwa mwaka, mahali ambapo mbwa wengi huingia mara mbili.

Lakini kisikilize kilichowapata. Kwa kuwa walianza na mbwa wachache mno na kuwafungia kitabu, magonjwa ya kurithi yalienea, mmoja wa figo na mwingine wa kupungukiwa damu. Basi mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walifunga safari mpaka kaskazini-mashariki mwa Zaire, katika nchi ya Wazande, kuomba mbwa vijijini, na mwaka 1990 kitabu chao kikafunguliwa ili damu hiyo mpya iingie. Walichokuwa wamepungukiwa walikikuta kwa wenye mbwa ambao hawajawahi kuandika kitabu chochote.

Siwezi kukuahidi kwamba mbwa wako ni Basenji, kwani masikio yaliyosimama tunayaona katika mbwa wetu wengi. Nami sipingi chotara, kama ulivyosoma hapo juu. Nyumbani kwangu yupo mmoja, amelala mlangoni ninapoandika haya. Lakini kwa jike wako nina sababu mbili za kukataa. Ya kwanza ni mwili wake: dume mkubwa anaweza kumpa jike mdogo watoto wakubwa wasioweza kupita njiani, na kwa umbali uliopo kati ya nyumba yako na mtu wa kumpasua, ninaogopa kwamba utampoteza yeye na watoto. Ya pili ni hao chotara wenyewe wa kuuza. Mji umejaa madume ya kizungu, na kila mwenye jike wa kienyeji anayakimbilia. Majike kama wako, waliopandishwa kwa madume kama wao, wanapungua mwaka hata mwaka, na baada ya muda hatutakuwa na cha kuchanganya.

Ninamjua dume mmoja wa umbo lake huko huko upande wa Sake, wa mwuza makala ya kupikia, mwenye kifua chembamba na miguu mirefu, amechanjwa, na hajawahi kunifikia kwa ugonjwa wowote isipokuwa jeraha la mwiba. Nimemwuliza mwenyewe, naye amekubali. Hataki fedha. Anataka mtoto mmoja wa kike, atakayemchagua yeye mwenyewe watakapofikisha wiki nane.